Wanga Kwenye Salfa

Kuku hali salfa. Awe mpumbavu kiasi gani, kuku hali salfa. Kwa hiyo nilipowaona kuku wa mama wamejazana chini ya mkorosho, pale mashine ya kupulizia ilipojazwa alfajiri, wakidonoa mabonge ya njano na kugombana kama waliomwagiwa pumba, nilitua ndoo yangu ya maji nikasimama kuwatazama.

"Mama! Kuku wako wanakula dawa ya mikorosho!"

"Waache wafe," mama akajibu kutoka jikoni. "Nimewafukuza mpaka nimechoka."

Hawakufa. Kesho yake walirudi palepale, na safari hii walikuwa na wenzao: msafara wa sisimizi ulikuwa umepanda shina mpaka kwenye maua. Salfa ni unga wa kiwandani, unawasha macho na kukereketa koo. Tunaipulizia maua ya mikorosho ili kuua ubwiri, ule ukungu mweupe unaoyaunguza maua yakawa meusi kabla hayajashika korosho. Sijawahi kuona mdudu akiifuata kama sukari. Nikachukua bonge moja, nikalisugua kwa vidole. Lilikuwa laini mno, na njano yake imefifia kama kanga iliyofuliwa sana. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Nilikuwa nafundisha baiolojia katika sekondari moja kule Masasi, na hata likizo ya mwezi wa sita nilipopanda Newala kumwona mama, funguo za maabara nilikuja nazo kwenye mkoba, kwa sababu sikumwamini mtu wa kumwachia. Tena ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani salfa ililetwa na chama cha ushirika, upende usipende. Sasa kila mwenye kibanda na mzani alikuwa mfanyabiashara. Madukani vitu vilijaa, na ndani ya vitu hivyo vikajaa vitu vingine: sukari ina mchanga, mafuta ya taa yana maji, sabuni haitoi povu. Watu walinunua huku wananusa.

Na mama hakuwa na nafasi ya kudanganywa mwaka ule. Mikorosho yake aliachiwa na mama yake. Kwetu mali hufuata upande wa mama, lakini sauti kubwa ni ya mjomba, yaani kaka yake mama. Msimu uliotangulia ubwiri ulimwunguzia maua yote. Bibi mkubwa wa ukoo, dada mkubwa wa mama yake mama na mwenye neno la mwisho, akamwambia mbele za watu: "Kama na mwaka ujao maua yataungua, shamba litunzwe na kaka yako. Mwanamke peke yake ameshindwa." Mama hakubishana. Alisema "Tutaona" tu, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka. Mikorosho ile ndiyo iliyomfanya aitwe mwenye shamba na asiitwe mjane wa fulani. Alikuwa anaipigania kimyakimya.

Basi nikaenda mwenyewe kutazama maua. Shada baada ya shada lilikuwa limeshaanza kushika weupe, ingawa lilipuliziwa mara mbili. Nikavuka mpaka kwenye shamba la mjomba, hatua chache tu. Maua yake yalikuwa mekundu, yananukia, nyuki wamejaa. Mashine ileile, mpuliziaji yuleyule, maana mjomba ndiye aliyekuwa na mashine na ndiye aliyempulizia dada yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeona mambo ya dada yangu? Nilimwambia asinunue kwa yule mtu wa Iringa. Mimi yangu nimefuata Tandahimba. Mtu wa kuja hana uchungu na mikorosho! Wallahi, amemtilia kitu dada yangu, wallahi tena!"

Hapo nilikuwa bado sijamwambia neno lolote la kuku wala sisimizi.

Lakini sitasema uongo, mtu wa kwanza niliyemshuku ni huyo wa Iringa. Alikuwa na duka karibu na soko la Newala, anauza salfa, sembe, misumari, kila kitu. Alikuwa mtu wa kucheka. Mteja akiingia anawekewa benchi, anaulizwa habari za watoto, anapewa maji ya kunywa. Nami nikiona mfanyabiashara anayecheka sana, naubana mkoba wangu kwapani. Nikamwendea na gunia la mama, nimekasirika, sikusalimia hata.

"Hii umeuza wewe?"

Akalitazama gunia, akaonja unga kidogo kwa ncha ya ulimi. Kicheko kikamwisha. "Gunia ni langu, dada. Huu unga siujui."

"Ah! Gunia lako, unga si wako. Umeingia kwa miguu?"

"Chagua gunia lolote humu, lililoshonwa. Nitalifungua mbele yako. Kapime unakojua wewe."

Nikachagua la nyuma kabisa, lililobanwa ukutani, maana la mbele huenda limeandaliwa. Alifungua bila kusitasita. Nikachota. Nikachota na sembe yake pia, naye akaniuliza ya nini, nikamwambia hayamhusu. Nyumbani nikachota unga wa makopa wa mama, ule muhogo tunaoumenya, tukaukausha na kuutwanga. Nikapata gari la mizigo, nikashuka nalo mlima mpaka Masasi, vifuko vyangu mapajani.

Maabara ilikuwa na vumbi na harufu ya vyura wa zamani. Nikachemsha salfa ya mama kwenye maji, kwa sababu wanga lazima uchemke uvimbe. Nikauacha upoe, kwa sababu iodini haikai kwenye kitu cha moto. Kisha nikadondosha tone. Maji yakageuka buluu, buluu ikageuka nyeusi kama wino. Nikachukua salfa ya gunia lililoshonwa, nikafanya vilevile. Tone likabaki na rangi yake ya chai. Nikarudia, maana sijiamini hata mimi. Ikawa vilevile.

Kwa miaka nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jambo hili nao wananitazama kwa macho ya usingizi. Wanga si kitu kimoja, ni mnyororo. Chukua sukari ndogo kabisa, iunganishe na nyingine, na nyingine, mamia kwa maelfu, na mnyororo wenyewe ujipinde kama msuko wa nywele. Iodini huingia ndani ya msuko ule ikakaa, ndipo weusi unapotokea. Sasa chukua sukari ileile, usibadilishe chochote, ila kila moja igeuze namna inavyomshika mwenzake. Mnyororo unanyooka. Minyororo iliyonyooka inalala bega kwa bega, inashikana, haiachiani. Hiyo ndiyo selulosi, nayo ndiyo shina la mkorosho, ndiyo pamba ya kanga, ndiyo ubao wa mlango. Kuku hali mlango. Anakula wanga, kwa sababu tumbo lake lina kimeng'enya cha kufungua msuko, lakini cha kufungua ule mnyororo ulionyooka hana. Hata ubwiri unaoharibu maua umejijengea ukuta wa minyororo kama hiyo, unaitwa kaitini, uleule uliomo kwenye gamba la sisimizi. Kazi za minyororo hii ni mbili: kuweka akiba na kujenga ukuta. Muhogo huweka wanga ardhini kwa ajili ya kiangazi. Sisi huweka wa kwetu kwenye ini, kidogo tu, wa kumalizia safari. Kwa hiyo mtu aliyetia wanga kwenye salfa ya mama alikuwa ametoa akiba ya mahali fulani. Nikataka kujua ya nani.

Iodini haisemi. Kwake ugali wa mahindi, muhogo, viazi, vyote ni vyeusi. Lakini chembe za wanga mbichi zina sura zake, kila mmea na sura yake. Nikafuta hadubini kwa ncha ya kanga, nikaweka sembe ya yule mtu wa Iringa. Chembe za mahindi zina kona kona, zimebanana kama mawe ya ukuta. Nikaweka unga wa makopa wa mama. Chembe za muhogo ni za mviringo, zimekatwa upande mmoja, kama ngoma ndogo. Mwisho nikaweka salfa iliyopuliziwa mikorosho. Kati ya vipande vya salfa palijaa ngoma tupu. Sikuona kona hata moja.

Muhogo kila mtu wa Newala anao, nikajiambia, hata wa Iringa anaweza kuununua. Lakini mtu mwenye magunia ya sembe yaliyojaa dukani atafuata muhogo wa nini? Na salfa yake iliyoshonwa ni safi. Kitu kiliingia baada ya duka na kabla ya mkorosho. Na njia kati ya duka na mkorosho niliijua.

Nilimkuta mama anamenya muhogo. Sikuzunguka.

"Mama, salfa ilipotoka dukani ililala wapi?"

"Kwa mjomba wako. Si ndiye mwenye mlango wa chuma?"

"Siku ngapi?"

"Mpaka maua yalipochanua. Kwa nini?"

"Na makopa yako ya darini, mbona yamepungua?"

Kisu kikasimama. "Mjomba wako aliomba. Alisema ana wageni."

"Wageni gani?"

"Sikuwaona," mama akasema, akaendelea kumenya. Alimenya mpaka ule muhogo ukabaki kama kidole.

Nikamweleza yote: maji meusi, maji ya chai, ngoma ndogo, kona za mahindi. Nikasema mjomba anataka shamba, na njia ni rahisi, maua yaungue mwaka wa pili tu, na lawama aibebe mgeni. Mama aliinuka, akafukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa chochote.

Mkutano uliitishwa na mjomba mwenyewe, barazani kwa bibi mkubwa. Mtu wa Iringa aliitwa akaja, amevaa shati la mikono mirefu, ametota jasho. Maneno yalikuwa yameshatembea sokoni. Vijana walikuwa wanasema duka lile lifungwe, na wengine walikuwa wanasema mabaya zaidi ya kufungwa. Mjomba alisimama akazungumza vizuri sana. Alizungumzia jasho la dada yake, wageni wanaokuja na mizani ya wizi, ukoo wetu kudharauliwa. Aliapa tena. Mtu anayeapa kabla hajaulizwa mimi humtazama mikono, na ya kwake ilikuwa imeshikana nyuma.

Nikaomba ruhusa. Nikawasha jiko la mkaa mbele yao, nikachemsha salfa mbili kwenye vikombe viwili vya bati, nikasubiri zipoe huku watu wananong'ona. Nikatoa kichupa cha iodini.

Bibi mkubwa akanyoosha fimbo yake. "Hiyo ndiyo dawa ya kumjua mwizi?"

"Ya kujua wanga, bibi. Haijui watu."

"Zamani tulikuwa na mwavi. Mtu ananywa, mwongo anakufa, wa kweli anatapika. Hii nani anakunywa?"

"Hainywewi, bibi."

"Basi itaogopa nini kusema uongo?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Nilidondosha. Kikombe cha gunia lililoshonwa kikabaki rangi ya chai. Kikombe cha mama kikawa cheusi, na baraza lote likavuta pumzi kwa pamoja. Nikageuka haraka kuwaambia weusi si hukumu, weusi ni unga wa ugali tu. Nikatia tone kwenye uji wa bibi mkubwa mwenyewe, uliokuwa umepoa pembeni yake, nao ukawa mweusi. "Astaghfirullah, uji wangu!" akasema. Lakini alielewa, akaelewa kuliko wote. Akamtazama mtu wa Iringa, akamwambia, "Wewe salfa yako ni safi. Kaa, unywe maji." Yule mtu akakaa kama mzigo uliodondoshwa.

Kisha bibi akauliza swali nililokuwa nalingoja. "Unga wa ugali umeingia wapi?"

Mjomba alikuwa anatazama mkeka. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha: mlango wa chuma, makopa ya darini, wageni wasioonekana, maua mekundu ya jirani. Nilikuwa nimemshika, naye alijua nimemshika.

"Nimetia mimi," mama akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Salfa ilikuwa haitoshi. Nikaona niongeze unga ifike mpaka mikorosho ya mwisho. Sikujua kama itaharibika." Alisema hivyo huku amemtazama bibi mkubwa usoni, sauti yake haikukwaruza hata kidogo. "Mgeni tumemwonea bure. Naomba radhi."

"Mama!"

"Nyamaza. Wakubwa wanazungumza."

Bibi mkubwa alimtazama. Akamtazama na mjomba pia, na mpaka leo nashuku alijua. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mtu akikiri kwetu hapingwi. "Basi neno langu ni lilelile," bibi akasema. "Maua yameungua kwa mkono wako mwenyewe. Shamba atatunza kaka yako." Mjomba hakusema wallahi.

Njiani nilikuwa nalia kwa hasira, nakwambia ukweli, hasira tupu. "Umempa! Mikorosho ya mama yako umempa mwizi, tena umejiita mjinga mbele ya watu!"

"Nimempa."

"Kwa nini?"

Mama alitembea kwanza. Alikuwa na tabia ya kutojibu mpaka mguu upate mwendo wake. "Dada yako anaolewa mwezi wa tisa. Nani atakaa kumwozesha? Wewe ukipigwa huko kwa mume, nani atakuja kukuchukua? Mimi nikifa, nani ataingia kaburini kunipokea? Nikimvua nguo yule, mtabaki uchi nyinyi." Akasimama akanigeukia. "Mgeni nisingemwacha apigwe. Hiyo ni dhambi. Lakini mjomba wenu ni huyohuyo mmoja, sina mwingine wa kuwapa."

"Na shamba?"

"Shamba linaniuma," akasema. "Linaniuma sana, mwanangu."

Wiki ile mjomba alikuja. Kaka mtu kwetu hapigi hodi kwa dada yake. Huingia mpaka jikoni, akafunua chungu, akauliza mbona chumvi hamna, akaketi popote penye kivuli. Alikuja hivyo, na kuku wawili mkononi, anatafuta macho ya mama. Mama alitoka nje, akapiga goti kama inavyopasa kwa mkubwa, akasema, "Shikamoo." Mjomba akaitikia kwa sauti ndogo, akapiga hatua kuelekea jikoni.

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni pa jikoni. Hakusogea.

"Mwanangu," akaniita, taratibu kabisa, kwa adabu zote. "Mletee mgeni kiti."